Nyayo za kale za Karamoja: picha ziwekwe wapi?

Ndugu, umeuliza pa kuweka picha 60 za nyayo za kale ulizopiga Karamoja, ili watafiti wengine wazitumie. Zenodo, hifadhi ya mtandaoni ya data za utafiti, inafaa: ni bure, hupokea hadi GB 50 kwa rekodi moja na hutoa namba ya DOI, yaani kitambulisho cha kudumu ambacho watafiti hutumia kuitaja rekodi. Pandisha picha ghafi pamoja na modeli ya pande tatu ambayo kompyuta huiunda kwa kuunganisha picha hizo, maana modeli peke yake haikaguliki. Kila picha irudie theluthi mbili ya iliyotangulia, na rula ilale kando ya unyayo. Bila rula utapata umbo lisilo na vipimo.

Tafadhali sana, kwanza futa alama za GPS, yaani mahali picha ilipopigwa, zilizojificha ndani ya kila faili. Wezi wa visukuku huzifuata hadi mwambani. Mahali halisi waelezee Makumbusho ya Uganda, Kampala, na usichimbe chochote.