Kwa Mnaokuja Kusoma Leipzig: Imani Mahali Ambapo Hakuna Atakayekuuliza

Wapendwa mnaojiandaa kuja kusoma Leipzig, Ujerumani, hasa ninyi mliolelewa katika sharika za Kilimanjaro, bila shaka mmesimuliwa tangu kipaimara kwamba wamisionari waliofika Machame mwaka 1893 walitumwa kutoka mji huu. Mimi nilikuja nikitarajia makanisa yaliyojaa. Katika ibada yangu ya kwanza hatukuzidi watu ishirini, na wengi wao walikuwa na umri wa bibi yangu.

Msidhani kwamba huo ni uadui. Ujerumani Mashariki, nchi ambayo zamani mji huu ulikuwa sehemu yake, ilitawaliwa kwa miaka arobaini na chama cha kikomunisti kilichotaka imani ififie: kipaimara kiliwekewa sherehe ya kiserikali ya kushindana nacho, vijana wengi walioshikamana na kanisa walinyimwa nafasi za masomo ya juu, na tarehe 30 Mei 1968 kanisa la chuo kikuu, lililokuwa katikati ya mji, lililipuliwa kwa baruti. Kwa hiyo mwenzenu wa maabara mara nyingi hakuiacha imani, hakuwahi kuirithi. Wale wazee wachache mtakaowakuta kwenye mabenchi ndio walioishika wakati kuishika kulikuwa na gharama, na ninawasihi mbaki kunywa nao kahawa baada ya ibada, hata kama Kijerumani chenu bado ni cha kubabaisha.

Jambo lililonigharimu zaidi ni hili: nyumbani, sehemu kubwa ya imani yangu ilibebwa na watu wengine. Kulikuwa na kengele, kulikuwa na jumuiya, na mzee wa kanisa alikuwa akipita kuuliza kwa nini hatukuonekana Jumapili mbili. Hapa, katika muhula wangu wa kwanza, nilikosa ibada Jumapili nne mfululizo kwa sababu ya mitihani na baridi, na simu yangu haikuita hata mara moja. Ukimya ule ulinitisha kuliko hoja ya mtu yeyote asiyeamini. Tangu hapo nilichagua usharika ninaoweza kuufikia kwa miguu, nikajiunga na kwaya, kwa kuwa kwaya ina mazoezi kila wiki na kiti kikibaki wazi, wenzako wanakiona.

Mtakapojiandikisha kama wakazi, fomu itawauliza dini. Andikeni ukweli. Wapo watakaowashauri mfiche kwa sababu ya kodi ya kanisa, yaani kodi ambayo serikali huwatoza waumini kwa niaba ya kanisa, lakini katika jimbo letu hili la Saxony kodi hiyo ni asilimia 9 ya kodi ya mapato, siyo ya mshahara wenyewe, na mwanafunzi ambaye kipato chake hakifikii kutozwa kodi ya mapato hadaiwi. Kuhusu pombe sina mengi: agizeni juisi, hakuna atakayewasumbua.

Mengi zaidi yatatokea mezani. Siku moja kwenye bwalo la chuo niliinamisha kichwa kabla ya kula, na kijana tuliyefanya naye kazi maabara akaweka uma chini, akaniuliza kama kichwa kinaniuma. Nilimjibu kwamba namshukuru Mungu kwa chakula. Akauliza, “Kila siku?” Alitaka kujua kwa dhati, lakini mimi nilimwona kama shamba lililoiva, nikamhubiria mpaka chakula chetu kikapoa. Kwa wiki nzima hakukaa tena meza yangu, na sikumlaumu.

Miezi kadhaa baadaye yeye mwenyewe aliniuliza ninasema nini ninapoomba. Safari hii nilimjibu kwa sentensi moja, kwamba ninawataja watu kwa majina. Alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba mama yake angefanyiwa upasuaji siku ya Alhamisi, na kama isingekuwa usumbufu, ningeweza kumtaja. Jina la mama yule lilikuwa gumu kwa ulimi wangu, nikamwomba anifundishe kulitamka. Tulilirudia pale mezani, taratibu, mpaka aliporidhika.