Kwa nini shemeji alichomwa sindano mbili kabla ya kurudishiwa bega

Mleta mada, umeuliza kwa nini shemeji yako alichomwa dayazepamu na pethidini, na kama leo usiku anaweza kunywa tramadoli pamoja na vidonge vya dayazepamu vya bibi ili apate usingizi.

Nimefanya kazi ya kuwapa wagonjwa dawa za usingizi hospitali ya wilaya miaka kumi na moja. Dayazepamu inatoa woga na kulegeza misuli, lakini maumivu haiyagusi. Hayo ni ya pethidini. Zikienda pamoja, kila moja inatosha kwa dozi ndogo. Ubaya wake, zote zinapunguza pumzi.

Mwaka wangu wa kwanza aliletwa kijana wa bodaboda, bega limechomoka. Tukamchoma zote mbili, bado analia. Daktari akasema ongeza, nikaongeza. Bega likaingia, watu tukapumua. Kumbe yeye ndiye aliyekuwa anaacha kupumua! Midomo ilishaanza kuwa ya bluu. Yale maumivu ndiyo yaliyokuwa yanamweka macho. Yalipoisha, dawa ikabaki peke yake mwilini. Tukamwinua kidevu, tukampumulisha kwa mfuko, akapewa naloksoni. Hiyo inazima pethidini tu, dayazepamu haiigusi, tena huisha mapema, pethidini ikaweza kumrudia. Sikubanduka kitandani kwake mpaka jioni. Tangu siku hiyo mgonjwa akishanyamaza ndipo namwangalia zaidi.

Siku hizi bega kama hilo naliendea na ketamini: inalaza na kuondoa maumivu, na ikitolewa polepole pumzi kwa kawaida haishuki sana. Naongeza midazolamu kidogo, ndugu wa dayazepamu, maana wengine huamka wanasimulia majini (mmoja alinikabidhi ng'ombe wa mahari).

Sasa vidonge vya bibi: hapana, mkuu. Tramadoli ni ndugu wa pethidini. Mwaka 2016 mamlaka ya dawa ya Marekani iliweka onyo lake kali kabisa kwenye mchanganyiko wa dawa za jamii ya pethidini na za jamii ya dayazepamu. Hospitali kuna oksijeni na mtu wa kumwangalia. Chumbani kwake kuna neti na feni. Anywe alichoandikiwa tu, mkono aufunge kwa kitambaa shingoni, alalie mito miwili, pombe asiguse.

Kama ameshameza zote, mtu akeshe naye. Akikoroma kwa namna asiyoizoea, au mkimtikisa haamki, msisubiri kuche, mpelekeni hospitali na makopo ya dawa mkononi.