Bi mkubwa kaanguka, kaambiwa mifupa laini: apimwe nini?

Waalaikumu salaam dada, na pole. Umesema bi mkubwa aliteleza chooni huko Wete, Pemba, kifundo cha mkono kikavunjika, daktari akaitazama eksirei, akasema "mifupa laini", akampa vidonge vya kalsiamu basi.

Usitosheke na hapo. Eksirei huonyesha palipovunjika. Upungufu wa mfupa hauonekani humo mpaka umeshapotea mwingi. Kipimo chenyewe ni DEXA, eksirei maalumu ya kupima wingi wa mfupa: hulala kitandani dakika chache, nyonga na uti wa mgongo hupimwa, wala hakiumi. Jibu huja kwa alama ya T, inayolinganisha mfupa wake na wa kijana mwenye afya; ikiwa -2.5 au chini yake, ni osteoporosisi, yaani mifupa imepungua hata huvunjika upesi. Ila mtu mzima aliyevunjika kwa kuteleza tu, hata -2 isiwatulize.

Pigeni simu kwanza kuuliza mashine iko wapi na kama inafanya kazi, ndipo mpande boti. Damu nayo ipimwe: kalsiamu, vitamini D, figo, tezi ya shingo.

Na mchukue dawa zake zote. Mama yangu alikuwa na prednisoloni ya pumu, ya miaka, kaifunga kwenye pindo la kanga, hakuna aliyemuuliza. Dawa ile hula mifupa, lakini asiiache ghafla bila daktari.

Aliteleza, au alipata kizunguzungu? Mwambieni daktari hilo pia.