Je, oili ya kawaida inahitaji kuongezewa dawa ya injini?

SWALI: Mhandisi, nina magari mawili ya familia. La kwanza ni la petroli, limekwisha tembea zaidi ya kilomita 200,000, na kitabu chake kinataja oili ya 10W-30. La pili ni jipya zaidi, lina injini ndogo ya petroli yenye turbo, na kitabu chake kinataka 5W-30 ya daraja la API SP (API ni taasisi ya petroli ya Marekani inayopanga madaraja ya oili). Kwa miaka mingi nimetumia oili ya kawaida, isiyo ya sintetiki, ya 20W-50 katika kila gari nililomiliki. Muuzaji mmoja ameniambia kwamba oili ya kawaida ni mafuta matupu yasiyo na kinga, kwa hiyo niongeze chupa ya dawa ya injini kila ninapobadilisha oili. Je, ni kweli? Na je, naweza kuendelea na oili moja kwa magari yote mawili?

JIBU: Ndugu msomaji, muuzaji wako amekosea. Mafuta matupu yaliwahi kuwa na daraja lake, API SA, na daraja hilo halifai kwa injini nyingi za petroli zilizotengenezwa baada ya mwaka 1930. Oili ya kawaida ya leo ina mafuta ya msingi yaliyosafishwa kutoka mafuta ghafi, ambayo kwa kawaida huwa kati ya asilimia 75 na 90, na sehemu inayobaki ni viongezeo vya kikemikali vilivyokwisha kuchanganywa kiwandani. Kinachoitofautisha na sintetiki ni hasa hayo mafuta ya msingi.

Viongezeo hivyo vina kazi mbalimbali. Vipo vya kusafisha, ambavyo aghalabu ni chumvi za kalsiamu au magnesiamu. Hivi huzuia utando mgumu usigande kwenye pistoni na ringi zake, na pia huzimua asidi inayotokana na kuungua kwa petroli. Vipo vya kutawanya, ambavyo huyashika masizi na uchafu mwingine na kuuacha ukielea katika chembe ndogo mno hadi siku ya kumwaga oili, badala ya kuuacha ujikusanye kuwa tope. Ndiyo maana oili nzuri huweza kuwa nyeusi mapema, jambo linalowatia hofu wengi bila sababu. Vipo pia vya kuzuia kutu, povu na kuharibika kwa oili kutokana na oksijeni na joto.

Kiongezeo mashuhuri kuliko vyote ni mchanganyiko wa zinki na fosforasi ujulikanao kama ZDDP, ambao ulianza kutumika katika miaka ya 1940 kulinda beringi dhidi ya ulikaji, kisha ikabainika kwamba unazuia pia chuma kulika kwa msuguano. Pale ambapo shinikizo ni kubwa kiasi kwamba utando wa oili hautoshi kuvitenganisha vyuma viwili, kama kwenye kemshafti, yaani mhimili unaofungua vali, ZDDP hubadilika kwa joto na msuguano na kujenga tabaka jembamba ambalo hulika badala ya chuma chenyewe. Mtu akisikia hayo hudhani kwamba zinki ikizidi ndipo injini italindwa zaidi. Hata hivyo, fosforasi inayopita kwenye moshi hudhoofisha kifaa cha kusafishia moshi kilichomo katika bomba la ekzosi, na ndiyo maana oili nyepesi za petroli za viwango vya karibuni zimewekewa kikomo cha asilimia 0.08 ya fosforasi. Zaidi ya hayo, viongezeo vya kusafisha na ZDDP hugombea nafasi juu ya uso ule ule wa chuma, kwa hiyo anayezidisha kimoja anaweza kukipunguzia nguvu kingine. Chupa unayoshauriwa kuongeza inakwenda kuvuruga uwiano ambao mtengenezaji wa oili ameupima kwa majaribio ya injini, tena bila wewe kujua kilichomo ndani yake. Mimi nisingeinunua.

Kuhusu kuchagua, anza na kitabu cha gari. Namba inayotangulia W huonyesha tabia ya oili katika baridi, wakati wa kuwasha injini. Namba ya pili huonyesha uzito wake, yaani mnato, injini ikiwa imepata moto. Kwa nyuzi 100 za Selsiasi, oili ya 30 huwa na mnato usiofikia 12.5 sentistoki (kipimo cha mnato), ilhali ya 50 huanzia 16.3. Tofauti hiyo si ndogo kwa injini yenye njia nyembamba za oili na mitambo ya vali inayoendeshwa kwa shinikizo la oili hiyo hiyo: 20W-50 huchelewa kufika panapohitajika na huongeza ulaji wa petroli.

Gari lako la turbo lina sababu nyingine ya kutotiliwa oili yoyote tu. Injini ndogo za turbo, hasa zile zinazonyunyizia petroli moja kwa moja ndani ya silinda, zinaweza kuwasha mchanganyiko kabla ya cheche zinapobeba mzigo mzito kwa mzunguko mdogo, na mlipuko huo unaweza kuvunja pistoni. Ilibainika kwamba kalsiamu nyingi katika oili huchochea hali hiyo, na daraja la SP, lililoanza mwaka 2020, lina jaribio la kuikabili. Hapo fuata kitabu bila kupunguza chochote. Kwa uzito wa 5W-30, oili nyingi za daraja hilo utazikuta ni za sintetiki au mchanganyiko wa sintetiki.

Gari la zamani linaweza kuendelea na oili ya kawaida ya 10W-30, mradi uibadilishe kwa muda ulioelekezwa, na mapema zaidi ikiwa safari zake ni fupi fupi, kwa kuwa injini isiyopata moto wa kutosha hukusanya maji na petroli ndani ya oili. Likianza kupunguza oili bila kuvuja, angalia kama kitabu kinaruhusu 10W-40 kabla ya kupanda uzito. Ukitaka oili moja kwa yote mawili, chukua ile ya turbo: madaraja mapya ya API kwa petroli yametungwa yafae pia injini za zamani, na vitabu vingi vinavyotaja 10W-30 huruhusu pia 5W-30. Thibitisha hilo katika jedwali la joto la kitabu chako.