Watoto wa geto la Warsaw
Unaweza kuuliza mtoto wa miaka minane angefanya nini mbele ya jeshi la Wajerumani. Angelisha familia, basi. Geto la Warsaw, Polandi, yaani mtaa ambamo Wajerumani waliwafungia Wayahudi wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, lilifungwa Novemba 1940: Wayahudi zaidi ya 400,000 nyuma ya ukuta wa karibu mita tatu, na mgao wa chakula usioshibisha hata paka. Waliopenya nje mara nyingi walikuwa watoto, maana wembamba wao ndio uliotosha kwenye matundu ya chini ya ukuta. Kutoka kulikuwa nafuu. Kasheshe ni kurudi: viazi na mkate umevificha ndani ya bitana, koti limevimba, tundu ni lilelile, na askari akikuona anafyatua risasi. Kesho yake wanatoka tena.