Kidonda cha baharini kisichosikia dawa

Pole ndugu yangu. Nimekuelewa: ulijikata na gamba la kombe baharini karibu na daraja la Selander, Dar es Salaam, ukanunua amoksilini, dawa ya kuua bakteria, duka la dawa, leo siku ya sita na usaha bado unatoka. Pale ndipo mto Msimbazi unapomwaga maji yake, na mto ule unabeba kila kitu, hadi maji ya vyoo. Baadhi ya bakteria wa humo ni sugu kwa dawa tulizozizoea.

Usihamie dawa nyingine kwa kubahatisha. Mimi niliwahi kubadilisha mara tatu, mguu ukaumuka kama andazi. Nilipona daktari alipochovya kijiti cha pamba kwenye usaha ukaoteshwa maabara. Baada ya siku chache ikajulikana dawa inayowaua bakteria wangu. Omba kipimo hicho, mwambie daktari uliumia baharini, uliza na sindano ya pepopunda.

Kwa sasa osha kidonda kwa sabuni na maji safi yanayotiririka, funika. Lakini uvimbe ukipanda, ukapata homa au malengelenge meusi, nenda hospitali usiku huohuo, hasa kama una kisukari. Na baharini usirudi hadi kifunge kabisa.