Muulize Fundi: Roboti inazimika kila ikinyanyua mkono

Safari hii maswali karibu yote ni ya umeme wa sevo, zile mota ndogo za kugeuzia mikono na miguu ya roboti, na nilivyoyasoma naona ugonjwa ni ule ule ila kila mtu anauita jina lake. La kwanza nalijibu kwa kirefu, kama lako nimelipitia haraka haraka basi usinune, jibu lako limo humo humo.

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tano, niko Morogoro. Nimetengeneza mkono wa roboti wenye sevo tano, tatu kubwa za MG996R na mbili ndogo za SG90, naendesha na Arduino Uno, ile bodi ndogo ya kompyuta inayoziamuru. Nikifunga moja moja zinafanya kazi safi. Nikifunga zote mkono unashtuka, taa ya bodi inazima inawaka, halafu unashtuka tena vile vile mpaka nichomoe waya. Kodi ya programu nimeandika upya mara tatu. Umeme wa sevo nautoa kwenye pini ya 5V ya Arduino, na Arduino imechomekwa USB ya laptop. Nimepima kwa mita ile pini nikapata volti 5.02 kwa hiyo umeme upo. Tatizo ni kodi au nimeuziwa sevo feki?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kodi yako iache ipumzike, na muuza sevo naye msamehe kwanza. Hiyo 5.02 uliyoipima ni ya roboti iliyolala, na roboti iliyolala haimwambii mtu kitu.

Angalia, sevo sio kama taa ya LED ambayo ikiwaka inakula kile kile tu. SG90 ikiwa imetulia inakula kama miliampea 10, ikigeuka bila mzigo inakula 100 mpaka 250, ukiishika isigeuke inapanda mpaka 650 au 700. MG996R ndio mlafi mwenyewe, ukiizuia kwenye volti 6 inavuta kama ampea 2.5 peke yake. Na kitu ambacho wengi hawaambiwi ni kwamba kila sevo ikiondoka tu pale iliposimama, kwa kitambo kifupi sana, inavuta karibu sawa na iliyozuiwa hata kama haijabeba hata karatasi. Sasa piga hesabu mwenyewe: kubwa tatu ni 7.5, ndogo mbili ni 1.4, unakaribia ampea 9 zikiondoka zote kwa pamoja. Na wewe unataka hizo zipite kwenye USB, wakati Uno yenyewe imewekewa pale kifyuzi cha kujirudisha cha miliampea 500, yaani nusu ampea. Haiwezekani.

Kinachotokea ni hivi. Sevo zinaondoka, volti zinaporomoka, ile chipu ya Arduino inaona umeme umekwisha inajizima, ikijizima sevo zinaachia, sevo zikiachia volti zinarudi, chipu inaamka inaanza programu kutoka juu, na mwanzo wa programu yako umeandika nini? Umeandika sevo zote tano ziende kwenye nafasi zake. Zinaondoka tena zote, inaporomoka tena. Ndio maana unaona inashtuka vile vile kila mara, ni duara, na utaandika kodi mpaka mtihani wa taifa ukukute hapo hapo.

Kama huniamini jaribu hivi. Kwenye setup, ile sehemu ya programu inayoendeshwa mara moja bodi ikiamka, weka mstari mmoja wa kuandika NIMEAMKA kwenye dirisha la siriali, lile la laptop linaloonyesha maneno yanayotumwa na bodi, kisha iwashe uangalie. Ukiona neno limeandikwa mara moja tu na mkono bado unatetemeka basi nimekosea na tutatafuta kwingine. Ukiona NIMEAMKA NIMEAMKA NIMEAMKA, umeshapata jibu bila kununua kitu.

Halafu pima upya, ila safari hii pima roboti ikiwa kazini. Ncha za mita ziweke kwenye waya mwekundu na wa kahawia pale pale sevo inapoingia, usipime kule kwenye bodi, halafu mwambie rafiki yako aushikilie mkono kwa sekunde moja au mbili wakati unajaribu kunyanyuka. Sio zaidi ya hapo, sevo itachemka. Kwa nini aushikilie? Kwa sababu mita zetu hizi za kawaida ni nzito kusoma, volti zikianguka na kurudi kwa mara moja mita haioni, lazima uivutie muda. Ukiona 3 na kitu hapo ujue ndio penyewe.

Dawa: sevo zipate umeme wao. Tafuta moduli ya kushusha volti ya ampea 5 kwenda juu, au chanzo cha 5V chenye ampea hizo, hizo 9 hutazihitaji kwa kweli kama hutaziondosha zote kwa mpigo. Kwenye kodi ziamshe moja moja, kati ya moja na nyingine weka milisekunde 300. Mabadiliko hayo ya mistari mitano yameniokolea roboti nyingi kuliko betri yoyote niliyowahi kununua. Umeme wa sevo usiupitishe kwenye bredibodi, ule ubao wa matundu wa kuchomekea vifaa bila kusolda, wala kwenye zile waya za jampa nyembamba za rangi rangi. Chukua waya wa spika au wa flekisi. Jampa mbili na vishikizo vya bredibodi vikifikisha ukinzani wa omu 0.3 tu, ukivuta ampea 3 umeshapoteza volti 0.9 njiani, yaani betri inatoa 5 na sevo inapata 4.1, halafu unamlaumu muuza betri.

Najua utaniuliza kapasita, kile kidude cha kuweka akiba ndogo ya umeme, maana kila mtu anaambiwa "weka kapasita ya 1000". Weka, ya volti 10 au 16, karibu na sevo, na ule mstari wa pembeni ndio hasi, ukiigeuza inaweza kulipuka. Lakini usiitegemee ikulishe. Kapasita ya mikrofaradi 1000 ukiivuta ampea 1 inapoteza volti 1 kila milisekunde, na sevo ikiondoka inahitaji makumi ya milisekunde. Ni ndoo ya maji bafuni, bomba likikatika kidogo inakustahi, ila huwezi kufulia nguo za familia nzima kwa ndoo moja. Inapunguza mishtuko midogo, haitibu njaa.

SWALI: Niaje fundi, niko Kisumu. Nilitenganisha umeme vile watu husema, sevo ziko na betri zao nne za AA, Arduino iko kwa USB. Sasa ndio imekuwa mbaya zaidi, sevo zinatetemeka kama mtu ana malaria na haziskii amri.

JIBU: Poa sana. Hasi ya betri umeiunganisha na GND ya Arduino, yaani pini yake ya hasi? Nina uhakika hujaiunganisha. Sevo inasoma amri kwa kulinganisha waya wa signali na hasi yake, kila milisekunde 20 inasubiri mpigo wa milisekunde 1 hadi 2, sasa kama hasi ya betri na hasi ya Arduino hazijuani, sevo haijui huo mpigo unaanzia wapi, inabaki kubahatisha. Waya mmoja tu, hasi kwa hasi. Chanya usiziunganishe, ya betri ibaki kwa sevo na ya USB ibaki kwa Arduino.

Ikitulia halafu baada ya dakika chache ianze tena, angalia ni AA gani. Zile za bei ya chini za remoti na redio, za kaboni, hazina nguvu ya kutoa ampea, zimetengenezwa zitoe kidogo kidogo kwa miezi. Za alkalaini ni afadhali. Mimi natumia za kuchaji za NiMH, kila moja volti 1.2, tano zinakupa 6, na zinavumilia kuvutwa kuliko hizo zote.

SWALI: Fundi, mimi nauliza kitu kidogo. Betri ya mraba ya volti 9 ni volti nyingi kuliko betri nne za AA, mbona roboti yangu ya miguu minne inatembea hatua mbili inakufa? Nimebadilisha betri tatu mpya. Msomaji wa Tanga.

JIBU: Hiyo betri naichukia, naomba niseme wazi. Ni betri ya maiki za msikitini na kanisani, ya mita, ya kengele ya moshi, vitu vinavyokula kidogo kidogo. Ndani ina visehemu sita vidogo vidogo, ukinzani wake wa ndani hata ikiwa mpya ni kama omu moja na nusu hadi mbili, kwa hiyo ukiivuta ampea 1 inaanguka volti moja na nusu au mbili hapo hapo, na kadiri inavyoisha inazidi kuanguka. Uwezo wake mzima ni kama miliampea-saa 500. Na kama unaipitishia kwenye regyuleta ya Arduino, kile kidude kinachozishusha volti ziwe 5, zile volti 4 za ziada zinageuka joto tu: kwa nusu ampea hiyo ni wati 2 kwenye kidude kisichozidi ukucha. Kiguse uone. Volti nyingi sio nguvu nyingi kaka, au dada, hukusema. Mpe maiki betri yake.

SWALI: Nimetoa betri mbili za 18650, zile za lithiamu za mviringo, kwenye betri bovu ya laptop nikaziunga mfululizo, nikafunga sevo SG90, ikageuka kwa nguvu sana nikafurahi, baada ya dakika moja ikatoa harufu. Niko Temeke.

JIBU: Pole. Hiyo furaha naijua, nami nimewahi kuinunua kwa sevo tatu siku moja. Betri mbili zikijaa ni volti 8.4, na SG90 mwisho wake ni 6. Unahitaji moduli ya kushushia, ile ya LM2596 inapatikana kirahisi, imeandikwa ampea 3 lakini bila kuipoza usiitegemee zaidi ya 2. Sasa sikiliza vizuri: izungushe ile skrubu mpaka mita ikuonyeshe 5 KABLA hujafunga sevo. Skrubu yake ina mizunguko mingi na mwanzoni unaweza kuona kama haifanyi kitu, endelea tu.

Na hizo betri za laptop bovu, zipime chini ya mzigo pia. Iliyochoka inaonyesha 4.1 ikiwa peke yake, ukiifunga sevo inaporomoka mpaka 3.2. Usizishushe chini ya volti 3 kila moja, usizisolde moja kwa moja kwenye chuma chake, yenye kutu au iliyovimba itoe nyumbani. Wekea fyuzi. Shoti ya betri ya lithiamu haisubiri uchomoe.

SWALI: Natumia pawabenki, roboti ikisimama sekunde kama 30 inazima yenyewe. Arusha.

JIBU: Pawabenki inadhani simu imejaa. Roboti ikitulia inakula kidogo mno, pawabenki nyingi zikiona mkondo umeshuka chini ya miliampea 50 au 100 hivi zinajikata. Weka rezista ya omu 47 kati ya 5V na hasi, itakula miliampea kama 106 muda wote, nunua ya wati 1 maana itapata moto wa nusu wati. Ni kupoteza chaji, ndio, lakini roboti haizimi. Na hiyo 10,000 iliyoandikwa kwenye ganda ni ya volti 3.7 za ndani, ukiipata kwa volti 5 hata isingekuwa na upotevu ni 7,400 tu.

SWALI: Kwenye Raspberry Pi yangu, ile kompyuta ndogo ya bodi moja, natokewa na alama ya radi kwenye skrini kila mkono wa roboti ukigeuka. Ni virusi? Nairobi.

JIBU: Hapana, volti zake zimeshuka chini ya 4.63. Rudi juu kwenye jibu la kijana wa Morogoro, anza na ule waya wa spika.